Treni ya Turubai

Siku tulipomzika Bwana Festo, wazee watatu waliokuwa madereva wa malori miaka ya sabini walisimama kando ya kaburi wakaanza kucheka. Kilikuwa kile kicheko cha watu wanaomkumbuka marehemu akiwa mzima, na hakuna aliyewakemea. Mmoja wao akanigeukia, akanikazia macho kwa muda, akasema, "Wewe ndiye yule mwalimu wa Malaba. Wewe ndiye ulitulaza chini sisi wote." Mjane, aliyekuwa ameketi kwenye hema, akauliza ni habari gani hiyo, nao wakamsimulia kwa kupokezana: jinsi watu wazima walivyokuwa wakitoa viatu na kulala kifudifudi katika vibehewa vya mbao, wakatokea upande wa pili hoi kwa kucheka, na jinsi Festo alivyosimama mlangoni akiwa amevaa kofia ya stesheni. Mimi nilitabasamu inavyopasa. Nimekuwa mkufunzi wa walimu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wanafunzi wangu wengi wamenisikia nikisema kwamba hadithi haiokotwi njiani, ina mwenyewe. Sijawahi kuwaambia jambo hilo nililijua wapi, wala kwamba mtu aliyenifundisha nilikuwa nimemchongea kwanza.

Ulikuwa mwaka ule kahawa ilipopanda bei hata watu wasiokuwa na mche mmoja wakaanza kuizungumzia kama mali yao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri barua ya chuo cha ualimu ambayo haikuwa na haraka ya kufika. Nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora, kwa hiyo nikawa naandika vibao vya hoteli na vya maduka ya dawa pale Malaba, na mataniboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, waliokuwa wakikaa kutwa barazani wakanipa jina: Mpaka Rangi wa Mpakani. Nilipanga kwa Mama Perpetua, mjane wa Kiteso mwenye vyumba sita vya mabati vilivyotazamana na kisima. Chumba changu kilikuwa na vitanda viwili, dirisha la mbao lisilofunga sawasawa, na sakafu ya udongo ambayo kila Jumamosi tuliisiriba kwa samadi ya ng'ombe mpaka ikawa laini kama ngozi. Mama Perpetua hakuwa na herufi ya efu kinywani mwake. Alisema "punga dirisha" na "Bwana Pesto", na ukimcheka alikwambia kwamba Mungu mwenyewe alikuwa Mteso kabla ya wazungu kumpeleka shule.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Imelda. Alikuja na mfuko mmoja na cherehani ya mkono, akasema ametoka Port Victoria, mji wa wavuvi kando ya ziwa, akalipa. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo na cha uangalifu, kama cha mtu anayevuka daraja la mbao lililooza. Mwaka ule kila mgeni Malaba alipimwa. Ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Kampala, utawala ulikuwa umewageukia watu wake, na walikuwa wakivuka kwa miguu kila juma; lakini pamoja nao, watu walisema, walivuka pia wenye kazi ya kuwatafuta. Fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na reli alikuwa ametoweka katikati ya siku, kibanda kikabaki wazi na redio za watu zikiwa rafuni. Kwa hiyo nilimtazama Imelda, na niliyoyaona hayakunipendeza. Mara ya kwanza nilipompa omena, dagaa wa ziwani, apike, alizimwaga kwenye sahani ya bati akazitazama kama mtu aliyepewa chakula cha kuku, kisha akaanza kuzikata vichwa moja moja kwa kucha. Nimekulia karibu na Sio Port. Najua kwamba mtoto wa miaka sita wa Port Victoria huzimwagia maji ya moto, akazikamua, akazirudisha jikoni kabla hujamaliza kumwita. Nilikula omena zisizo na vichwa, nikahesabu kosa hilo.

Kosa la pili lilikuwa viatu. Jumamosi, sakafu ikiwa mbichi, nilisimama mlangoni nikamwambia kama ambavyo mwanamke yeyote wa kwetu angesema, "Dada, toa viatu." Alisimama pale pale. Alinitazama usoni, kisha akatazama nyuma yangu ndani ya chumba, akageuka akaenda kuketi kisimani mpaka sakafu ikakauka. Jumamosi iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, na iliyofuata. Hata kulala alilala na raba zake miguuni, kamba zikiwa zimefungwa. "Ana kitu ndani ya hivyo viatu," nilimwambia Mama Perpetua tukichambua mboga. Naye akasema, "Ana miguu, mwanangu. Chambua mboga."

Bwana Festo alikuwa amekwama Malaba pamoja na malori. Alikuwa amenunua bembea kutoka kwa mzungu aliyekuwa akiuza shamba lake na kurudi kwao, akakusudia kuzipeleka Jinja na Kampala, kwa maana alisikia kwamba watoto wa huko hawakuwa wameona kitu kama hicho. Njia ikazuiwa. Mizigo ikarudishwa nyuma, malori yakapanga foleni kutoka forodhani hadi yasipoonekana, na Festo, mtu mnene mwenye subira fupi, akapangusa vyombo vyake na kuvisimamisha katika uwanja nyuma ya maegesho. Alikuwa na bembea ya kuzunguka yenye farasi kumi na wawili, mashua nne za kubembea, na treni ya vibehewa vitatu iliyovutwa na injini ya kinu cha kusagia unga wa posho kupita ndani ya handaki la turubai. Ndani ya handaki hilo kulikuwa na majumba ya mawe, vibibi wenye pua ndefu, na theluji. Jumapili ya kwanza madereva walipanda, wakatoka, na mmoja akauliza kwa heshima zote, "Boss, mbona huko ndani umemwaga unga?"

Ndipo Festo akanijia nikiwa juu ya ngazi, nikimalizia herufi ya mwisho ya kibao cha hoteli. "Mwalimu," akasema, ingawa sikuwa mwalimu wa mtu, "mashine yangu ni nzima. Kilichooza ni hadithi. Unaweza kunitengenezea hadithi?" Nilimwambia naweza. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Kwa majuma matatu nilifanya kazi kwa furaha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote. Farasi niliwapaka mistari, madoa na manyoya, wakawa wanyama wanaokwenda kunywa maji mahali mto Sio unapoingia ziwani, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kumkimbia aliye nyuma. Sungura sikumweka kati yao. Nilimchora chini ya sakafu ya bembea, aonekane na mtoto atakayekubali kuinama, na watoto wakawa wanarudi tena na tena kumtafuta. Mashua nilizifanya mitumbwi, kila mtumbwi na jina lake ubavuni, na Imelda, ambaye Festo alimwajiri kushona turubai, akatundika nyavu juu yake. Tulifanya kazi bega kwa bega, na tulizungumza kuhusu uzi na gundi tu.

Treni niliiacha mwisho. Wazo lilikuja nikiwa katika chumba cha chai cha Mama Perpetua, mbele ya nyumba, ambako wachukuzi wa kahawa ya magendo walikuwa wakinywa chai asubuhi wakiwa na matope hadi magotini. Nikafikiri: wanaopanda treni hii wasiwe abiria. Wawe kahawa. Kila mmoja apewe gunia tupu ajifunike mapajani, apite mtoni na kurushiwa maji ya beseni, apite kichakani, afike kizuizini mahali askari wa mbao anapoinua mkono na sauti inapotoka nyuma ya turubai, kisha mwanga, uwanja, na sauti nyingine: "Karibuni Kenya, kahawa safi." Festo alicheka mpaka akaketi. Sauti ya askari tulimpa Salim, dereva wa Mombasa ambaye lori lake lilikuwa limekaa hapo majuma saba, kwa sababu alikuwa na kifua kipana. Lakini Salim alilelewa kwa adabu. Tulipojaribu, tulisikia kutoka gizani, "Simameni hapo, tafadhalini. Mmebeba nini, jamani?" na taniboi mmoja akajibu kutoka ndani ya kibehewa, "Huyu ni askari ama ni bwana harusi?"

Nilihitaji maneno ya kweli. Nikachukua daftari, nikaketi katika chumba cha chai, nikaanza kuwasikiliza wachukuzi. Walieleza kwa mzaha, kama wanaume wanavyoeleza walichokiogopa. Askari wa ng'ambo walitumia Kiswahili, wakaniambia, na raia wa huko hawakukipenda kwa sababu hiyo. Kwetu ni lugha ya sokoni, kwao ilikuwa lugha ya kizuizini. "Watakuita nyani," akasema mmoja. "Watasema lala chini." Mwingine, mtu wa makamo aliyekuwa akichovya mkate katika chai, akasema, "Hiyo si kitu. Wanaweza kukupiga, uende zako. Lakini wakisema toa viatu, ujue." Nikamwuliza, nijue nini? Alikula mkate wake. Niliandika: toa viatu. Nilidhani nimepata kichekesho. Askari mwenye bunduki akisema maneno ya mama aliyesiriba nyumba yake! Nilikwisha kuusikia uwanja ukicheka.

Katika chumba kile kile alikuwepo mtu aliyeitwa na wote Ajenti. Alisema alikuwa wakala wa forodha, lakini mizigo ilikuwa imesimama na yeye hakuonekana kukosa kitu. Shati lake lilikuwa jeupe kila siku, na alikuwa na tabia ya kumwuliza mtu swali mbele ya watu, polepole, kisha kumshukuru. Fundi wa redio alikuwa ameulizwa na yeye alikozaliwa, majuma mawili kabla ya kutoweka. Asubuhi ile alivuta kiti chake karibu na changu. "Mwalimu anaandika nini?" akasema kwa sauti ya kusikika. "Majina yetu?"

Wachukuzi wakaweka vikombe chini. Nilieleza habari ya treni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo.

"Treni," akasema Ajenti. "Ya kahawa."

Na hapo, ili macho yale yaniondoke, nikawapa mtu mwingine wa kutazamwa. Nilisema, nikicheka, kwamba kama wanatafuta mtu wa kutiliwa shaka wamwulize mwenzangu wa chumbani, anayesema ametoka Port Victoria na hajui kuosha omena. Anayelala na viatu. Nilisema yote mawili. Ajenti alinishukuru.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, uwanja ulijaa. Wapo waliokuja kutoka Busia, wapo waliokuja na baiskeli kutoka Amagoro. Salim alikuwa nyuma ya turubai na karatasi yangu, amefundishwa kunguruma. Festo alitaka wafanyakazi na marafiki waliosaidia wapande kwanza, kama heshima, kwa hiyo katika kibehewa cha mbele walikaa Mama Perpetua na Imelda, magunia mapajani, na nyuma yao madereva. Mimi nilisimama upande wa kutokea. Nilisikia maji ya beseni na mayowe, nilisikia vicheko kichakani, kisha Salim akanguruma vizuri kuliko nilivyotumaini: "Simama! Lala chini, nyani wewe! Toa viatu!" Kicheko kikapasuka, kama nilivyojua kitapasuka, na treni ikatoka mwangani.

Imelda alikuwa amelala kifudifudi kwenye mbao za kibehewa, mikono kisogoni. Raba zake zilikuwa kando ya kichwa chake, zimepangwa sawasawa, visigino pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuziona nyayo zake. Mama Perpetua alikuwa ameweka mkono mgongoni kwake na kutazama mbele kama mtu aliye kanisani. Watu waliokuwa karibu walicheka kidogo, wakaacha. Treni ilisimama, naye hakuinuka. Ng'ambo ya kamba, Ajenti alikuwa amesimama katika shati lake jeupe, na hakuwa akimtazama Imelda. Alikuwa akinitazama mimi, kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake: ulisema kweli.

Niliruka kamba. Mama Perpetua aliinama kana kwamba anatafuta gunia lake, akaniambia sikioni, "Usiharakishe. Wanaokimbia kutoka kule ni namna mbili, aliyepigwa na mke wa aliyepiga. Wote wawili wanajua kulala hivi. Hujui unaokoa nani."

Nimeyafikiri maneno hayo maisha yangu yote. Niliyoyafahamu wakati ule ni machache. Nilifahamu kwamba fundi wa redio hakurudi. Nilifahamu kwamba nilikuwa nimemtaja mwanamke huyu kwa mtu yule, kwa kinywa changu, ili nipate kunywa chai kwa amani. Nikaigeukia hadhira, nikapiga makofi, nikasema kwa sauti ya darasani ambayo sikujua kwamba ninayo, "Mmeona? Huyu peke yake ndiye kahawa ya kweli. Nyinyi wengine mmekamatwa wote." Nikaeleza, nikitunga kadiri nilivyosema, kwamba hii ndiyo sheria ya treni: askari akisema toa viatu, gunia la kahawa hulala, anayelala na viatu vyake vimepangwa amevuka, na anayebaki ameketi hurudishwa kupanda tena. Kwamba Imelda nilimfundisha mimi, juma zima, ili awaonyeshe. "Hata chumbani analala na viatu," nikasema nikimtazama Ajenti, "kwa sababu tulikuwa tukifanya mazoezi ya kuvitoa haraka."

"Na omena?" akauliza Ajenti.

"Omena ni uvivu," akasema Mama Perpetua. "Mimi mwenyewe nimemwambia. Huyu ni mtoto wa dada ya rapiki yangu, hajui kazi ya jikoni hata kidogo. Wewe bwana unataputa mke?"

Uwanja ukacheka. Lakini Ajenti hakuondoka. Alisogea hadi kwenye reli, akaweka mikono mfukoni, akasema kwamba angependa kuona tena, maana alikuwa amesimama vibaya. Alisema kwa adabu kabisa.

Nilichuchumaa kando ya kibehewa. Imelda alikuwa amekwisha kuketi, anafunga kamba za raba zake. Nilitaka kumwomba msamaha, nilichosema ni, "Dada, itabidi upande tena. Na utoke ukicheka." Alinitazama kama alivyonitazama Jumamosi ile ya kwanza mlangoni, usoni kwanza, kisha nyuma yangu. Akavuta gunia mapajani.

Alipanda mara tatu zaidi alasiri ile. Mara ya kwanza nilipanda naye, nikalala kando yake, shavu langu kwenye mbao, na niliposikia sauti ya Salim nilishika kiganja chake, kilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Alitoka ameonyesha meno. Mara ya pili madereva wote wa kibehewa cha nyuma walilala pia, wakirushiana viatu. Mara ya tatu Ajenti mwenyewe alipanda, akatoa viatu vyake vyeusi vilivyong'aa, akalala juu ya shati lake jeupe, na treni ilipotoka Imelda alikuwa akicheka kwa sauti, machozi yakimtoka, na hapakuwa na mtu Malaba ambaye angeweza kuniambia kicheko kile kilikuwa cha namna gani. Ajenti alijipangusa vumbi. Alinishukuru. Hadi leo sijui alikuwa nani. Yawezekana alikuwa karani asiye na kazi, mwenye udadisi na sabuni nzuri.

Treni ile ikawa sifa ya mji. Watu walikuja kwa ajili ya kulala tu, na hiyo ndiyo treni waliyokuwa wakiikumbuka wazee wale kando ya kaburi. Asubuhi iliyofuata Jumapili ile, tulikaa kisimani tukinywa uji, mimi na Imelda. Salim alikuwa ameamua kurudi Mombasa na mzigo wake, na Mama Perpetua alikuwa amekwisha kumwambia kwamba atakuwa na abiria mpaka Nairobi. Cherehani ilikuwa imefungwa katika shuka mlangoni. Nilimwambia Imelda samahani, hatimaye, nikamweleza nilichomwambia Ajenti katika chumba cha chai. Alisikiliza, akazungusha uji katika kikombe.

"Sauti mliyoweka si hiyo," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Yule anayesema toa viatu hapigi kelele. Wale wengine ndio hupiga kelele. Yeye huja mwisho, kabla ya risasi, anainama, anakwambia polepole, kama anakuonea huruma. Kama unataka iwe ya kweli, mwambie huyo mwanamume aseme polepole." Akamaliza uji, akaenda kusuuza kikombe.

Nilikaa na Festo miezi mitano zaidi, mpaka barua ya chuo ilipofika. Nilibadilisha mengi katika treni ile: nikaongeza mbwa, nikaongeza mwezi wa bati, nikampata taniboi wa Nakuru kuchukua nafasi ya Salim. Siku ya kwanza aliniuliza aseme vipi maneno ya mwisho. Nikamwambia apige kelele, kwa nguvu zake zote, na asije akapunguza; ile ya polepole ilikuwa na mwenyewe.